Kilkenny, Waterford, Galway au Derry: kundi lenu liende wapi wikiendi?

Kila ikikaribia bank holiday (ile sikukuu ya mapumziko ya taifa) magrupu yetu ya WhatsApp huku Dublin yanawaka moto, mtu anatupia "jamani twendeni mji wa kihistoria, tutoke kidogo", watu wanaweka dole gumba chini yake, alafu wiki tatu zinapita tunabishana tu, huyu anataka bahari, yule anataka ngome, mwingine anauliza nauli shilingi ngapi (bado anahesabu kwa shilingi, sawa tu), na siku ikifika tunaishia Phoenix Park na makontena ya pilau. Phoenix Park ni pazuri sana, ila Ireland hii ina miji ya miaka elfu na zaidi na wengi wetu tumekaa hapa miaka bila kuiona.

Sasa nimeiweka miji minne ubavu kwa ubavu ili kundi likae chini liamue. Kilkenny, Waterford, Galway na Derry. Cork nimeiacha kwa sababu utamu wake mwingi uko nje ya mji, Blarney kule, Cobh kule, inataka siku tatu ndo uione vizuri, na Limerick ina ngome nzuri ya King John na soko la Milk Market Jumamosi ila ukishamaliza hivo viwili kundi linaanza kutawanyika, kila mtu na simu yake.

Kipimo changu ni kimoja na sitakificha: yule anayetembea polepole kuliko wote kwenye kundi, yaani bibi aliyekuja kutembelea wajukuu, au mama mwenye pram, au dada aliyetoka shifti ya usiku nyumba ya wazee akapanda treni moja kwa moja bila kulala, je ataona mji pamoja na wenzake au ataachwa mkahawani analinda mabegi? Maana safari ya kundi inakufa pale watu wanapogawanyika. Ngome hata iwe nzuri vipi, kama nusu ya watu hawakufika hiyo sio safari ya kundi.

MAKARATASI KWANZA, KABLA YA KITU KINGINE CHOCHOTE

Hapa ndo Derry inajitenga na wenzake watatu. Kilkenny, Waterford na Galway ziko Jamhuri ya Ireland. Derry iko Ireland Kaskazini, na Ireland Kaskazini ni Uingereza kisheria, ingawa ukiwa kwenye basi hutaona geti wala bendera, utaona tu alama za barabarani zimebadilika kutoka kilomita kwenda maili. Kutokuona geti sio ruhusa ya kupita. Kadi yako ya IRP (ile ya kibali cha kuishi hapa) inakuruhusu kukaa Jamhuri, haikupi haki ya kuingia kaskazini, kwa hiyo mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya au Uganda au Kongo anahitaji viza ya Uingereza hata kama ni ya kwenda kula lanchi na kurudi. Na maafisa wa uhamiaji wanapanda mabasi kukagua, sio kila siku, ila wanapanda.

Mbaya zaidi ni kwa mgeni aliyekuja na viza ya Ireland ya kuingia mara moja. Huyo akivuka kwenda Derry amehesabika ametoka nchini, na viza yake imeisha kazi. Mama yako amekuja miezi miwili kuona mjukuu, unamvusha Jumamosi asubuhi kwa nia njema kabisa, unamtengenezea tatizo kubwa. Hivo hivo kwa binamu anayeishi London na kibali cha Uingereza, huyo Derry anaenda bila shida lakini Kilkenny au Galway anahitaji viza ya Ireland. Wenye pasipoti za Ireland na Uingereza ndo wanaopita huku na huku bila wasiwasi.

Kwa hiyo kabla hamjaanza kupiga kura ya mji, mwenye kuandaa aulize watu makaratasi yao, na aulize inbox, mmoja mmoja, sio kwenye grupu mbele ya watu themanini. Hili nalisisitiza sana. Mtu hawezi kuandika hadharani kwamba maombi yake bado yanasubiri majibu, atasema tu "mimi wikiendi hiyo nina shifti" na mtamkosa bila kujua kwa nini. Kama hata mmoja hawezi kuvuka, basi Derry ingojee siku nyingine, haikimbii.

KUFIKA

Kilkenny ndo karibu zaidi, treni kutoka stesheni ya Heuston hapa Dublin ni kama saa moja na nusu, na ukishuka stesheni ya MacDonagh unatembea dakika kumi na tano hivi uko getini kwa ngome. Waterford iko kwenye reli hiyo hiyo, treni ile ile inayopita Kilkenny inaendelea mpaka Waterford, jumla ni saa mbili na kidogo kutoka Dublin, ila stesheni iko ng'ambo ya mto Suir kwa hiyo mnavuka daraja na kutembea kwenye gati refu mpaka sehemu ya zamani, kama kuna mtoto au mzee chukueni teksi tu.

Galway ni kama saa mbili na nusu kwa treni au kwa basi la moja kwa moja, na hapa Galway inapata alama kubwa, stesheni yake iko pale pale Eyre Square, unatoka mlangoni umeshaingia mjini. Mabasi ya Galway ni mengi pia na mengine yanatokea airport ya Dublin kabisa, hii inasaidia kama kuna watu wanakuja kwa ndege kutoka Ujerumani au Uholanzi kujiunga na nyie, hawana haja ya kuingia Dublin mjini.

Derry ndo mbali. Hakuna treni ya moja kwa moja kutoka Dublin, ni basi la kama saa nne, au treni kutoka stesheni ya Connolly, Dublin, mpaka Belfast alafu mnabadilisha. Ile treni ya Belfast kwenda Derry kipande cha mwisho inapita ukingoni mwa bahari kule Castlerock, reli na mawimbi karibu karibu, ukiwa na nafasi ya kukaa upande wa kulia basi shika hapo usitoke.

Kuhusu kukodi gari: leseni ya kawaida ya B inaishia abiria wanane na dereva. Ile minibasi ya watu kumi na tano ambayo kila mtu anaidaka akilini inataka leseni ya D1, kwa hiyo ama magari mawili ama dereva wa kulipwa. Kwa kundi la watu kumi mpaka kumi na tano mimi naona treni inashinda, watoto wanatembea kwenye korido, watu wanapiga stori wakiangaliana, na wazee waliofika miaka 66 wanaoishi hapa wana kadi yao ya Free Travel hawalipi kitu. Nunueni tiketi mapema online na mshike viti pamoja, maana treni ya Ijumaa jioni kutoka Heuston inajaa wanafunzi wanaorudi kwao na mtasimama mpaka Athlone.

MIJI YENYEWE

Kilkenny naanza nayo kwa sababu kwa kipimo changu hakuna mji unaoikaribia. Kila kitu kiko kwenye mstari mmoja. Huku mwanzo kuna ngome juu ya mto Nore, kule mwisho kuna kanisa kuu la St Canice, na katikati ni maili moja tu ya barabara za zamani wanaiita Medieval Mile, tambarare kiasi, mikahawa kila baada ya hatua chache, kwa hiyo hata anayetembea polepole anafika, anapumzika, anaendelea, na hampotezani kwa sababu hakuna pa kupotelea.

Ngome ilijengwa miaka ya mwanzo ya karne ya 13 na William Marshal, alafu ukoo wa Butler ukainunua mwaka 1391 wakakaa humo mpaka 1935, hebu fikiria familia moja kwenye nyumba moja zaidi ya miaka mia tano. Mwaka 1967 wakaiuza kwa watu wa Kilkenny kwa pauni 50. Hamsini! Leo iko chini ya serikali, ndani kuna ukumbi mrefu wa picha wenye dari la mbao lililochorwa ambalo watu wanasimama kulitazama mpaka shingo zinauma, na nje kuna bustani kubwa sana ambayo kuingia ni bure na ina sehemu ya watoto kuchezea. Hapo ndo pa kufungulia yale makontena ya pilau.

Kuna kitu kuhusu Kilkenny ambacho mimi kinanigusa na ningependa kila mwafrika anayeishi hapa akijue. Mwaka 1366 bunge la watawala wa Kiingereza lilikaa mji huu likatunga sheria, Statutes of Kilkenny, kwamba walowezi wa Kiingereza wasioane na Wairish, wasizungumze lugha ya Kiirish, wasivae kama wao, hata wasipande farasi kwa mtindo wao. Mwaka 1366! Sisi tunaotoka nchi zilizotawaliwa tukisoma hivo tunaelewa haraka sana, hatuhitaji kuelezwa mara mbili, na unaanza kuelewa kwa nini mzee wa Kiirish akisikia umetoka Kenya au Tanganyika anakuuliza maswali ya Waingereza kwa sauti ya mtu anayejua.

Alafu kuna habari ya Alice Kyteler, mwanamke tajiri aliyeolewa mara nne, mwaka 1324 askofu akamshitaki kwa uchawi. Yeye alikuwa na pesa na watu, akatoroka. Msichana wake wa kazi, Petronilla, hakuwa na wa kumtorosha, wakamchoma moto hadharani Novemba 3 mwaka huo. Leo kuna pub yenye jina la Kyteler na watu wanapigia picha mlangoni, mimi ningependa kundi lenu mkifika hapo mmtaje Petronilla kwa jina lake, maana yeye ndo alikufa.

Kule St Canice kuna mnara mwembamba wa duara wa mawe wa karne ya 9 hivi, urefu wa mita 30, na ni moja ya michache sana Ireland ambayo bado unaruhusiwa kupanda mpaka juu. Ni ngazi za mbao zilizosimama wima, watoto wadogo hawaruhusiwi na mwenye magoti mabovu asijaribu, lakini kanisa lenyewe liko chini yake kwa hiyo wanaobaki hawajaachwa, wana la kuangalia. Black Abbey nayo iko jirani, imeanzishwa 1225, ina dirisha kubwa la vioo vya rangi, wakatoliki kwenye kundi watapapenda na misa bado zinasomwa.

Waterford ni mji mkongwe kuliko yote Ireland, Waviking waliuanzisha mwaka 914. Sehemu ya zamani wanaiita Viking Triangle, ni ndogo sana, unaimaliza kwa asubuhi moja, na hilo ni zuri na baya kwa wakati mmoja. Mnara wa Reginald umekaa pale kwenye kona ya gati na jina lake la Kiviking mpaka leo, karibu yake kuna mfano wa merikebu yao, na makumbusho ya zama za kati yana mavazi ya mapadri ya nyuzi za dhahabu ambayo yalifichwa wakati wa vita vya Cromwell mwaka 1650 yakaja kugunduliwa chini ya kanisa 1773, bado yanang'aa. Kiwanda cha vioo cha House of Waterford kiko hapo hapo mjini na mnaona mafundi wanapuliza kioo cha moto mbele ya macho yenu, watoto wanaganda kabisa, ila msimu wa baridi angalieni kwanza kama wanafungua wikiendi.

Na hili wengi hawalijui: Oktoba 1845 Frederick Douglass, yule aliyekuwa mtumwa Marekani akatoroka na kuwa msemaji mkubwa wa kupinga utumwa, alisimama kuhutubia kwenye City Hall ya Waterford. Jengo bado lipo, pale The Mall. Miaka miwili na nusu baadae, Machi 1848, kwenye mtaa huo huo Thomas Francis Meagher akapandisha kwa mara ya kwanza bendera ya kijani nyeupe na rangi ya chungwa, ile ile inayopepea leo kwenye ofisi ya uhamiaji. Kwa mtaa mmoja mfupi hiyo ni historia nzito. Mimi nikipita hapo nasimama.

Kwa vijana wenye nguvu Waterford ina Greenway, njia ya baiskeli ya kilomita 46 juu ya reli ya zamani mpaka Dungarvan, kuna handaki la kupita ndani na madaraja marefu, baiskeli zinakodishwa hata za umeme. Ila hapa ndo kundi linagawanyika, wapanda baiskeli wataondoka siku nzima. Kama wote mnapanda, sawa, kama sio wote fanyeni kipande kifupi mrudi.

Galway sasa. Nitasema wazi, kama unatafuta majengo ya zamani Galway inashindwa na wenzake wote watatu. Kuta za mji zimebaki vipande, kipande kimoja kiko ndani ya shopping centre ya Eyre Square, Spanish Arch ni ya 1584 na ni matao tu, unaipiga picha dakika mbili umemaliza, Lynch's Castle siku hizi ni benki. Kanisa la St Nicholas ni la 1320 na ni zuri, inasemwa Columbus alisali humo 1477. Mji uliendeshwa na koo kumi na nne za wafanyabiashara waliokuwa wakileta mvinyo kutoka Hispania na Ureno, na kuna kisa cha meya Lynch ambaye kwa masimulizi yao mwaka 1493 alimnyonga mwanae mwenyewe kwa sababu aliua mtu na hakuna mwingine aliyekubali kutekeleza hukumu, dirisha lake wanakuonyesha.

Lakini Galway ina kitu ambacho mawe hayakupi, ina watu nje. Kuanzia Shop Street mpaka Quay Street magari hayaingii, wapiga muziki kila kona, soko la Jumamosi pembeni ya kanisa lina vyakula vya kila aina, na mkishuka mpaka mtoni mnakaa kwenye nyasi mnatazama Corrib inavyokimbilia baharini kwa kasi ya kutisha. Alafu Salthill, njia pana tambarare kandokando ya bahari, pram inapita, kiti cha magurudumu kinapita, na mkifika mwisho wake desturi ni kupiga ukuta teke. Kwa sisi tuliokulia pwani kuna siku unahitaji tu kunusa chumvi. Maji yenyewe ni baridi balaa, nawaonea huruma wale wanaoruka kutoka mnara wa Blackrock mwezi wa kwanza ila wanaonekana wana furaha.

Onyo moja: kuna mtu kwenye kundi atasema "tukiwa Galway twende na Cliffs of Moher". Ni karibu saa moja na nusu kwa gari kila upande. Mkikubali hilo, hamjaenda Galway tena, mmeenda kwenye basi. Chagueni moja.

Derry ndo mji ulionikaa moyoni kuliko yote, na ndo mgumu kuupendekeza. Kuta zake zilijengwa kati ya 1613 na 1619 na zimezunguka mji wote bila kukatika mpaka leo, kilomita moja na nusu hivi, unatembea juu yake bure, pana, mizinga bado imepangwa. Ukiwa juu hapo unaangalia upande mmoja mji wa ndani waliojengewa walowezi wa Kiprotestanti, upande wa pili bondeni Bogside, mtaa wa Wakatoliki, na historia yote ya miaka mia nne unaiona kwa kugeuza kichwa tu. Mwaka 1689 mji ulizingirwa siku 105 watu wakala mbwa na panya, wajukuu wa waliozingirwa bado wanaadhimisha kila mwaka. Na Januari 30, 1972, jeshi la Uingereza liliwapiga risasi waandamanaji wa haki za raia kule Bogside, 13 wakafa siku ile na mwingine akafa baadae. Familia zilipigania ukweli miaka 38 mpaka Juni 2010 waziri mkuu David Cameron aliposimama bungeni kuomba radhi.

Tembeeni na mtu wa Bogside mwenyewe, kuna ziara za miguu zinazoongozwa na watu wa pale na jumba la Museum of Free Derry liko katikati ya mtaa. Michoro imejaa kuta nzima za nyumba, na kuna mmoja una Martin Luther King, Mandela, Mother Teresa na John Hume wa Derry mwenyewe, wote wanne washindi wa Nobel ya amani. Waandamanaji wa Derry wa 1968 walikuwa wameangalia weusi wa Marekani wakaiga mbinu zao na nyimbo zao. Nenda kama mgeni anayesikiliza. Usibishane na mtu kuhusu jina, wengine wanaita Derry wengine Londonderry, usivae jezi za mpira za Celtic au Rangers (timu za Scotland, moja inahusishwa na Wakatoliki nyingine na Waprotestanti), na watoto wadogo waandaeni kabla maana makumbusho yale hayapunguzi makali. Baada ya hapo vukeni Peace Bridge, daraja la miguu la 2011 linalounganisha pande mbili za mto Foyle, mpumue.

KULA, KULALA, USIKU

Hapa napita haraka. Nyama halali, kuku wa Kihindi, wali, mtapata miji yote minne, ila Galway ndo yenye machaguo mengi zaidi na samaki wake hana mpinzani. Waterford ina blaa, mikate laini ya unga mweupe juu kama skonzi zetu, inauzwa asubuhi na inaisha mapema. Derry mnalipa kwa pauni na maduka makubwa Jumapili yanafungua saa saba mchana mpaka saa kumi na mbili jioni, msipange manunuzi asubuhi.

Usiku kuna mambo mawili. La kwanza ni sheria, upande wa Jamhuri mtoto chini ya miaka 18 haruhusiwi kubaki kwenye baa baada ya saa tatu usiku, au saa nne kuanzia Mei mpaka mwisho wa Septemba, kwa hiyo kama mnataka kusikia muziki wao wa asili na watoto nendeni saa kumi na moja jioni, pub nyingi chakula kipo na soda ipo na hakuna anayekulazimisha pombe. La pili, Kilkenny na Galway ndo miji inayopendwa kwa sherehe za kuaga ubachela, Jumamosi usiku makundi yamevaa kofia za plastiki yanaimba mpaka alfajiri, ukibook hoteli omba vyumba vya nyuma visivyoangalia barabara. Waterford usiku imetulia, wazee watalala vizuri zaidi kule kuliko popote.

Bei za Galway wiki ya mbio za farasi mwisho wa Julai zinapanda mpaka unashangaa, na mwezi huo huo wa Julai kuna tamasha la sanaa, kwa hiyo Julai Galway hapana labda mbook miezi kabla. Kilkenny ina tamasha la vichekesho bank holiday ya Juni na la sanaa Agosti. Na angalieni jua: Juni mwanga upo mpaka saa nne usiku, Desemba saa kumi na nusu jua limeshazama, safari ile ile ya siku mbili inakuwa ya masaa machache ya kuona. Mvua ya Galway inatoka Atlantiki moja kwa moja na upepo wake unageuza mwamvuli, chukueni makoti yenye kofia.

BASI NANI AENDE WAPI

Kundi mchanganyiko, wazee, watoto, wageni wenye viza za kila aina, mara ya kwanza kutoka pamoja: Kilkenny, bila kufikiria mara mbili. Na kama mna usiku mmoja tu mimi naona hivi ndo bora kuliko vyote: Jumamosi asubuhi treni mpaka Kilkenny, mnashinda na kulala huko, Jumapili asubuhi mnapanda treni ya kuendelea Waterford ambayo ni kama dakika arobaini tu, mnaona Triangle na City Hall, jioni treni ya kurudi Heuston. Miji miwili kwa reli moja. Treni za Jumapili ni chache kwa hiyo ratiba iangalieni kabla hamjabook hoteli sio baada, na mkiwa mnaingia ngome ya Kilkenny na mnara wa Reginald vyote viwili ulizeni Heritage Card, kadi ya kiingilio, inafanya kazi kote kuwili na sehemu nyingine nyingi za serikali mwaka mzima.

Vijana watupu, au wadada wanaosherehekea birthday, au kundi lililochoka tu linataka bahari na muziki: Galway, ila sio Julai. Waterford peke yake ni kwa familia mbili tatu zinazotaka utulivu au wapanda baiskeli.

Derry naiwekea kundi dogo, watu wazima, ambao makaratasi yao yote yamekaa sawa na wanaotaka kweli kusikiliza, na mlale siku mbili, kwenda na kurudi siku moja kwa basi la saa nne ni mateso. Mwisho wa Oktoba wana Halloween kubwa, mji mzima unavaa, na hapo vyumba vinaisha mapema sana, mkiutaka huo usiku anzeni kukusanya mchango Machi na atakayeshika pesa achaguliwe kabla ya mji.